Wazee wakija Berlin: jinsi ya kuwazungusha bila kuwamaliza miguu

Babu na bibi wamepata visa, tiketi ishakatwa, na wewe saivi uko bize unaandika listi ya sehemu kumi na tano za kuwapeleka. Futa hiyo listi. Mzee aliyetoka Lindi au Moshi hajaja kukimbizana na majengo, amekuja kuona mjukuu wake anaishije, kwahiyo siku moja sehemu moja, mnatoka asubuhi, mchana mnarudi wanajinyoosha, jioni mkiweza mnazunguka hapo hapo mtaani kwako, basi.

Tiketi kwanza. Stesheni za treni huku hazina geti, mtu anaingia tu, na wazee watadhani usafiri ni wa bure. Tiketi ya karatasi unaipiga muhuri kwenye kile kimashine kabla hujapanda, bila muhuri ni kama huna, wakaguzi wengine wanavaa nguo za kawaida kama abiria na faini ni euro 60 kwa kichwa. Uwanja wa ndege wa BER uko zoni C so siku ya kuwapokea chukua tiketi ya zoni ABC, mjini ya AB inatosha, na mkiwa kundi (mwisho watu watano) kuna tiketi ya pamoja ya masaa 24.

Siku ya kwanza basi namba 100, usijipe kazi ya kutafuta mabasi ya watalii. Linatoka Zoologischer Garten mpaka Alexanderplatz, njiani mnaona ikulu ya Bellevue, bunge na Geti la Brandenburg mkiwa mmekaa. Ghorofani kunaonekana vizuri zaidi ila kama bibi magoti yanamsumbua kaeni chini tu, zile ngazi basi likiwa linatembea sio za mchezo. Kama babu anataka kupanda juu kwenye lile kuba la kioo la bunge, hamlipi, ila unawaandikisha mapema kwenye mtandao na siku hiyo wabebe pasipoti.

Sasa siku ambayo wataisimulia mpaka kijijini ni ya mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria mkubwa. Yuko pale kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, treni ya U6 ina kituo kabisa kinaitwa Naturkundemuseum. Mifupa ilichimbwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913, watu wetu wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini, na leo mjusi kasimama ukumbini urefu mita 13.27. Wazee wengi wameshasikia ule mjadala wa kumrudisha nyumbani, kwahiyo usijifanye mwongoza watalii wa kuelezea kila kibao, tafuta pa kukaa alaf mwache babu aongee, na ataongea kweli. Jumatatu wanafunga.

Kama bado wana nguvu pandeni U6 hiyo hiyo mshuke Afrikanische Straße. Hapo mitaa ina majina kama Sansibarstraße na Ugandastraße, na kuna barabara ambayo 1939 ilipewa jina la Carl Peters, yule yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu. Mwaka 2024 hilo jina liliondolewa, kipande kimoja saivi ni Maji-Maji-Allee. Waambie mapema kwamba ni mtaa wa makazi tu, mnaenda kuona kibao na kupiga picha, wasije wakategemea mnara.

Wa Moshi wapeleke eneo la Neukölln kwenye mtaa wa Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu, yule mama mwanasiasa. Mpaka 2021 ulikuwa mtaa wa Wissmann, yule Mjerumani aliyekuja kupigana na kina Abushiri pwani. Karibu yake kuna bustani ya Hasenheide yenye mabenchi, na msikiti wa Şehitlik hauko mbali kwa wanaotaka kuswali. Hapa kitu cha kuwaambia kabla hawajapanda ndege: mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku, sasa bibi anayengoja Magharibi saa kumi na mbili na nusu atachanganyikiwa kabisa.

Msosi usiumize kichwa, barabara ya Sonnenallee kuna wali na nyama choma za Waarabu, na unga wa ugali unapatikana maduka ya Waafrika pale eneo la Wedding. Ila mkate na jibini kama chakula cha usiku usijaribu, wataona umewalaza njaa.

Vitu vidogo: sarafu za choo, koti hata kiangazi, na karatasi yenye adresi yako na namba ya simu kwenye mfuko wa kila mzee. Angalia kwenye app ya usafiri kama lifti ya stesheni inafanya kazi kabla hamjatoka. Shopping ya zawadi ifanyeni Jumamosi mana Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, alaf mabegi uyapime mwenyewe nyumbani, bibi atakuwa kashaficha sufuria humo ndani.