Kuinua gurudumu la nyuma la pikipiki ili kutengeneza sheni (mnyororo), kwenye udongo wa Goma

Sheni ya pikipiki inakufa mapema hapa Goma, na mkosaji si mvua. Ni mchanga mweusi wa volkano. Lava ya 2002 na ya 2021 imeacha changarawe na vumbi lenye makali madogo, na vumbi hilo likichanganyika na mafuta linasaga rola kama tupa. Motari wa teksi anayepita Majengo na Ndosho kila siku asafishe sheni kila wiki. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Kinachowashinda wengi ni kusimamisha moto, yaani pikipiki, huku gurudumu la nyuma likining'inia, juu ya udongo usio na usawa hata sentimeta 30.

Hatua ya 1: legeza nati kabla ya kuinua

Weka boate (gia) kwenye nyutro, zima, toa ufunguo. Chomoa gupiye (pini inayozuia nati isifunguke), kisha legeza nati ya ekseli robo mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Ukingoja moto iwe juu ndipo uvute kle (spana) kwa nguvu, utaiangusha. Kukaza kwa mwisho pia kunafanyika gurudumu likiwa limerudi chini.

Hatua ya 2: mahali

Tafuta simenti. Kama hakuna, fagia kokoto na uweke ubao. Jiwe la lava halifai kitu hapa: lina matundu ndani, linabeba uzito dakika tano halafu linapasuka. Kama kuna mteremko kidogo, pua ya moto itazame juu. Ikitazama chini, moto ikisogea mbele bekiye (stendi) inajikunja yenyewe.

Funga freni ya mbele. Chukua ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, bana mkono wa freni kwenye gidoni (usukani), zungusha mara tatu. Hii haina mbadala.

Hatua ya 3a: moto yenye bekiye ya katikati

Boxer, TVS na ndugu zao zinakuja na bekiye ya katikati. Toa mizigo, kanyaga bekiye mpaka miguu yake yote miwili iguse chini, kisha shuka na uzito wako wote juu ya kanyagio. Mkono wa kulia kwenye porte-bagage (keria ya nyuma) unaongoza tu, haunyanyui. Gurudumu likibaki linagusa chini, miguu ya bekiye imelika: weka ubao mmoja wa sentimeta 2 chini ya miguu yote miwili. Basi.

Hatua ya 3b: moto yenye bekiye ya pembeni tu

Hapa ndipo watu wanapotezea saa. DT na moto nyingine za barabara mbaya hazina bekiye ya katikati. Njia ninayoipendekeza ni fimbo: moto inasimama juu ya miguu mitatu, yaani gurudumu la mbele, bekiye ya kushoto, na fimbo upande wa kulia chini ya mkono unaobeba gurudumu la nyuma.

Fimbo iwe mkaratusi mkavu, unene wa sentimeta 5 au 6. Mbao laini za kujengea nyumba zinapasuka kwa urefu, usizitumie. Kwa kipimo, mtu mmoja ashike moto wima, magurudumu yote chini, na ubao ambao fimbo itasimama juu yake uwe tayari mahali pake. Pima kutoka juu ya ubao huo hadi upande wa chini wa mkono wa nyuma, sentimeta chache mbele ya ekseli. Ongeza sentimeta 2 na nusu. Ukipata 28, fimbo iwe 30 na nusu kutoka chini hadi ndani ya kinywa utakachochonga juu yake. Usiongeze 6 ukidhani juu zaidi ni bora: fimbo ndefu inasukuma moto kuegemea kushoto, uzito wote unahamia kwenye bekiye, na bekiye ya pembeni haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Gurudumu likizunguka bila kugusa, hata kwa unene wa kidole, inatosha.

Juu ya fimbo chonga kinywa cha umbo la V chenye kina cha sentimeta 2, ukizungushie mpira ili isiteleze. Chini ikatwe sawasawa, isiwe na ncha.

Bekiye nayo inahitaji ubao kwenye changarawe, lakini usizidi sentimeta 2. Ubao mnene unaifanya moto isimame wima mno, na siku utakapotoa fimbo itaangukia kulia, upande ambao hujasimama.

Sasa shida ya mtu aliye peke yake: unasimama kushoto, fimbo inaingia kulia. Dawa yake ni kuifunga fimbo kabla. Ifunge kwa ukanda wa mpira kwenye mkono wa nyuma, kwa kulegea, ining'inie. Kisha simama kushoto, mkono wa kushoto kwenye gidoni, wa kulia kwenye porte-bagage, uvute moto kuelekea kwako juu ya bekiye. Gurudumu la nyuma litaachana na udongo. Sukuma fimbo kwa mguu mpaka isimame, ikiwa imetanuka nje kidogo, halafu rudisha uzito polepole. Angalia kinywa kimeshika chuma cha mkono wenyewe. Kisishike fimbo ya freni, wala kikaza sheni, wala bomba la moshi.

Jaribu kabla ya kuinama: tikisa porte-bagage kwa vidole viwili. Ikilia au kuteleza, shusha uanze upya.

Wengine wanaweka kasiye (kreti) ya bia chini ya injini. Inafaa ukitaka kutoa gurudumu lote, mkiwa wawili, na ubao juu ya kasiye, lakini tu kama chini ya injini kuna bomba za shasi au bamba la kinga. Karta (bakuli la mafuta chini ya injini) isiyo na kinga isibebe moto: ni alumini, na visi (skrubu) ya kumwagia mafuta iko hapo hapo.

Hatua ya 4: kusafisha

Zungusha gurudumu kwa mkono. Usiwashe injini na kutia ya kwanza huku umeshika kitambaa, hata kama kila mtu pale garaji anafanya hivyo. Kitambaa kikishikwa na kurone (gia ya sheni kwenye gurudumu la nyuma), vidole vinafuata.

Petroli ya taa (mafuta ya taa) na brashi ya meno, pande zote mbili, kisha kausha. Esansi (petroli ya kuendeshea moto) inakausha sheni mpaka ndani na inaweza kuwaka karibu na bomba la moshi lenye joto. Mafuta: ya boate, namba 90, tone moja kwa kila rola, upande wa ndani wa sheni. Ngoja dakika kumi, pangusa yote yanayoonekana nje. Grisi hapana. Kwenye vumbi letu, grisi ni msasa. Mafuta yaliyotolewa kwenye injini nayo yana masizi na unga wa chuma.

Hatua ya 5: kulegea

Sheni ya saizi 428 ina milimeta 12.7 kutoka pini hadi pini, hivyo viungo 20 vilivyovutwa ni milimeta 254. Ukifika 259, nunua mpya pamoja na pinyo (gia ndogo ya sheni upande wa injini) na kurone.

Pima kulegea katikati ya sheni ya chini, sehemu nne za mzunguko, na ufuate pale inapokaza zaidi. Moto ndogo nyingi zinataka milimeta 20 hadi 30, zile zenye suspansheni ndefu zinataka zaidi. Kibandiko cha mtengenezaji ndicho hakimu. Sheni iliyokazwa sana ukiwa hewani itakuwa uzi wa gitaa ukipakia watu wawili na gunia la makala (makaa), na beringi ya pinyo ndiyo italipa.

Moto nyingi zenye freni ya ngoma zina nati kubwa ya pili upande wa kurone. Usipoilegeza nayo, upande wa kushoto haurudi nyuma na gurudumu linakaa mshazari huku alama zikikudanganya. Zungusha vikaza pande zote kwa kiasi kimoja, nusu mzunguko kwa wakati.

Klipu ya kiungo: upande uliofungwa utangulie mwendo, mdomo wazi ubaki nyuma.

Hatua ya 6: kushusha

Vuta moto kuelekea kwako, piga fimbo kwa mguu itoke, usiitoe kwa mkono. Kaza nati kabisa, weka gupiye mpya. Gurudumu limerudi nyuma, kwa hiyo freni ya nyuma sasa imekaza: legeza nati ya fimbo yake mpaka gurudumu lizunguke huru, kisha uangalie taa ya freni kama haijabaki imewaka.