Taa ya Moto wa Injini Inapowaka Ndege Ikiwa Ardhini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha

Kengele ya moto wa injini ikilia ndege ingali ardhini, wengi hushukuru kwamba haikulia angani, na wana haki ya kushukuru. Hata hivyo, ardhini kuna jambo moja ambalo angani halipo: mlango unaweza kufunguliwa wakati wowote, na watu wakamiminika nje. Nayaandika haya kwa marubani wasaidizi wanaoanza kazi, na kwa wahudumu wa ndani ya ndege pia, kwa sababu karibu yote yanayookoa watu siku hiyo hupangwa kabla injini haijawashwa.

Jaribu mfumo wa kugundua moto kama kitabu cha ndege yako kinavyoagiza, wala usiuruke kwa sababu mmechelewa. Hakikisha chupa za kuzimia moto zina shinikizo la kutosha. Jua mpini wa moto wa ndege yako, ule anaouvuta rubani injini ikishika moto, unafunga nini: kwa kawaida hukata mafuta, haidroliki (mfumo wa nguvu za kimiminika chenye shinikizo), hewa inayotolewa kwenye injini na umeme wa jenereta yake. Katika Boeing 737, kwa mfano, mpini huvutwa kisha huzungushwa ili kufyatua chupa, na taa isipozimika baada ya sekunde 30 hufyatuliwa chupa ya pili.

Uliza upepo unavuma kutoka wapi, na ukumbuke jibu hata kama hamjafika kwenye barabara ya kurukia. Mjini Manchester, tarehe 22 Agosti 1985, injini ya kushoto ya Boeing 737 ilipasuka ndege ikikimbia kuruka, na kipande chake kikatoboa tangi la mafuta la bawa. Marubani walidhani gurudumu limepasuka. Wakasimamisha safari, wakakunja kutoka kwenye barabara ya kurukia, na pale waliposimama upepo mwepesi ukausukuma moto kwenye mwili wa ndege. Watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi.

Tofautisha pia moto ulio nje ya kiini cha injini, yaani ile sehemu ya ndani mafuta yanamochomwa, na ule unaowaka ndani ya bomba la moshi wakati wa kuwasha. Huu wa pili mara nyingi hauwashi taa yoyote, na anayeuona ni mtu wa maegeshoni. Dawa yake ni kukata mafuta na kuendelea kuizungusha injini ili hewa iutoe. Chupa haifiki ndani humo, na katika baadhi ya ndege, ukiugusa mpini wa moto unaukatisha mzunguko huo unaouhitaji.

Sasa nije kwenye lile lililonifundisha kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa rubani msaidizi wa ndege ya abiria yenye injini 2 za pangaboi, ya aina ambayo mlango wa abiria uko mbele upande wa kushoto. Tulikuwa tumeanza tu kuondoka maegeshoni pale kengele ilipolia na taa ya injini ya kulia ikawaka. Kapteni alisimamisha ndege na kufunga breki. Tukakata mafuta ya injini hiyo, tukavuta mpini, tukafyatua chupa ya kwanza, nami nikaita mnara wa kuongozea ndege. Baada ya hapo macho yetu wote wawili yaliganda kwenye ile taa nyekundu tukihesabu sekunde. Hakuna aliyemwambia mhudumu neno lolote. Yeye, nyuma ya mlango uliofungwa wa chumba chetu cha marubani, aliona moshi madirishani upande wa kulia na abiria wamekwisha kusimama. Akangoja amri, hakuisikia, akafungua mlango wa kushoto, upande ambao haukuwa na moshi.

Pangaboi la kushoto lilikuwa bado linazunguka, mita chache tu nyuma ya ngazi. Baba mmoja aliyembeba mwanawe alishuka na kugeuka kuelekea bawani. Kijana wa maegeshoni aliyetuelekeza kuondoka alimkimbilia, akamkamata shati na kumvuta hadi wakaanguka wote watatu. Mimi niliona tu taa inayoonyesha kwamba mlango umefunguliwa, ndipo nikakata mafuta ya injini ya kushoto. Mafundi walikuja kukuta bomba la hewa ya moto limepasuka na kuunguza vifuniko vilivyolizunguka. Moto wa mafuta haukuwapo kabisa. Tulikaribia kumuua baba na mtoto kwa injini iliyokuwa nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, semeni kwa sauti, rubani kwa rubani: ikiwa kuna uwezekano wa watu kutoka, injini ZOTE zinazimwa kwanza. Kisha mkubaliane na mhudumu maneno mawili tu, la kungoja na la kutoka, na mmoja wenu awe na jukumu la kumpa la kwanza mara ndege inaposimama. Mjini Chicago, tarehe 28 Oktoba 2016, Boeing 767 ilishika moto injini ya kulia, abiria wakaanza kutoka injini ya kushoto ikiwa bado inanguruma, na mmoja wao akaangushwa na upepo wake na kuumia vibaya. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba orodha ya hatua waliyokuwa nayo marubani haikutenganisha moto wa angani na wa ardhini.

Msiwategemee zimamoto peke yao. Kanuni za kimataifa zinawataka wafike popote kwenye barabara ya kurukia ndani ya dakika 3, ilhali ndege kubwa huidhinishwa kwa kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Waambieni abiria waache mizigo, na mrudie. Taa ikizimika msidhani kwamba moto umekwisha, kwani waya unaougundua nao huungua. Msirudi maegeshoni kwa injini iliyobaki ili kuokoa ratiba. Simameni hapo hapo, mwulizeni mtu wa mnara anaona nini, na aliyeko chini asikaribie injini hadi aone kwa macho yake kwamba pangaboi limetulia.