Kujifunza Uhunzi kwa Fundi Aliyekwishazoea Chuma

Fundi wa kuchomelea, wa kukereza au wa mageti aliyepitia mafunzo ya amali, iwe Mwanakwerekwe kule Unguja au Vitongoji kule Pemba, akitaka kujifunza uhunzi kwa kujifurahisha huanza na mtaji ambao mwanafunzi mwengine hana: anajua kupima, tupa na jiliwa amevizoea, na cheche hazimtishi. Mtaji huo una mtego wake. Kazi aliyoizoea ni ya kukata, kupunguza na kuunga, ilhali mhunzi hakusudii kupunguza kitu. Hukihamisha chuma kutoka kilipo na kukipeleka anapokitaka, kwa moto na nyundo. Kwa sababu hiyo shauri langu la kwanza, ambalo mafundi wengi hawalipendi, ni kwamba tanuri likishatengenezwa, grenda na mashine ya kuchomelea zifungiwe stoo mpaka vitu vichache vya mwanzo vimalizike bila ya msaada wake. Anayeinyoosha kwa grenda ncha iliyokwenda upande hatajua ni kwa nini nyundo yake inaipindisha.

Tanuri si jambo gumu. Chukua ringi kuukuu ya gari, iundie miguu ili ifike usawa wa kiuno, ikandike ndani kwa udongo wa kufinyangia uliochanganywa na mchanga, uiache ikauke kivulini kwa siku kadhaa, na upitishe bomba la upepo kwa chini au ubavuni. Bomba hilo lisiwe la maji lililopakwa zinki. Zinki huchemka ikifika nyuzijoto 907, kiwango ambacho moto wa mhunzi hukipita bila ya taabu, na moshi wake mweupe humletea anayeuvuta homa, baridi na kichefuchefu saa chache baadaye. Aliyewahi kuchomelea mabomba ya aina hiyo ndani ya chumba anaielewa vyema habari hii. Visiwani kwetu mkono huenda wenyewe kwenye jiwe la matumbawe, kwa kuwa limejaa kila uwanja, lakini halifai kabisa kujengea tanuri. Ndilo jiwe tunalolichoma kwenye tanuu tupate chokaa, na moto wako utalifanya vivyo hivyo, baada ya kulipasua na kukurushia vipande vyake. Sakafu ya saruji nayo hubanduka ikiangukiwa na chuma cha moto, hivyo ni bora kusimama juu ya udongo mtupu.

Wazee walitumia mivukuto ya ngozi. Siku hizi ni rahisi zaidi kuunda feni ndogo inayozungushwa kwa mkono, kwa ringi ya baiskeli na mkanda, nami naipendelea kuliko ya umeme, kwani mkono ukisita upepo nao husita, ilhali mota huendelea kuvuma hata pale ulipogeuka kuitafuta nyundo, ukarudi ukakuta chuma kimeungua. Kwa upande wa makaa, ya vifuu vya nazi yana joto kali na vipande vyake vidogo hukizingira chuma vizuri, ila huisha upesi. Changanya na ya miti. Fanya kazi hii kwenye banda lililo wazi pande zote, kwa sababu makaa hutoa gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Fuawe, yaani bonge la chuma la kufulia juu yake, ya kununua ni ghali, na kwa kuanzia haihitajiki. Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kikipachikwa imara kwenye gogo la mwembe, kinatosha; na ukipata kipande kinene cha ekseli ya lori, kisimamishe wima. Uso wake uwe sawa na ngumi yako mkono unaponing'inia ubavuni. Nyundo ya kilo moja inatosha pia.

Hapa ndipo mazoea ya kuchomelea yanapompotosha fundi: atataka kuvaa miwani myeusi. Kwenye uhunzi rangi ya chuma ndiyo kipimo cha joto, na kioo cheusi huificha. Vaa miwani ya kioo cheupe ya kukinga macho, usiukodolee moto, na ufanye kazi penye kivuli, kwa kuwa juani chuma chekundu huonekana cheusi. Chuma laini hupigwa kikiwa cha rangi ya chungwa kuelekea manjano, yaani kati ya nyuzijoto 1,000 na 1,150 hivi. Kikirudi kwenye wekundu uliofifia, kirejeshe motoni badala ya kukilazimisha. Kikianza kutoa cheche nyeupe kikiwa ndani ya makaa, kinaungua, na sehemu iliyoungua haina dawa ila kukatwa.

Zoezi la kwanza liwe kuchonga ncha, na hapa hesabu za fundi zinamfaa. Chukua nondo ya mraba ya milimita 12. Piramidi ina theluthi ya ujazo wa mche wenye kitako na urefu sawa na wake, kwa hiyo ukitaka ncha ya milimita 90, chuma utakachokitumia ni milimita 30 tu za nondo, ukiongeza kidogo kufidia magamba yanayobanduka motoni. Tia alama kwa sentapanchi, yaani chuma chenye ncha kinachogongwa kuacha kitobo, maana ya chaki hupotea. Anzia mwishoni kabisa, piga mara mbili tatu, geuza robo ya mzunguko, piga, kisha rudisha ulivyokuwa, ukilihifadhi umbo la mraba mpaka ncha ikamilike. Ikiwa unataka iwe ya mviringo, vunja pembe nne ziwe nane, halafu ndipo uizungushe. Atakayeanza na mviringo tangu mwanzo ataona ngozi ya chuma inatangulia na moyo wake unabaki nyuma, na mwisho wa nondo unaachama kama mdomo wa samaki.

Kutoka hapo fua kulabu, kisha koleo lako mwenyewe, kisha misumari ya mraba ya aina iliyokuwa ikishikilia mbao za majahazi. Mtu wa Nungwi, kijiji cha waunda majahazi, akiushika msumari huo mkononi atakueleza upesi kama kichwa chake kimekaa sawa. Ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi ni kazi nzuri ya kufuatia, kwa kuwa unafundisha kutandaza chuma bila ya kukipasua kingo. Meno yake yakatwe kwa tupa ya pembe tatu chuma kikiwa baridi.

Visu na tindo vinataka chuma chenye kaboni zaidi. Springi ya gari huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, na unaweza kuitambua kwa kuigusisha kwenye grenda, ambayo kwa kazi hii itolewe stoo: cheche zake huchanua matawi mengi kuliko za chuma laini. Ukishakifua, kipashe moto mpaka sumaku isikivute tena, yaani karibu nyuzijoto 770, ongeza joto kidogo, kisha kizamishe katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzijoto 50 au 60, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko cha kuzimia moto. Oili chafu hupatikana bure katika kila gereji, lakini moshi wake una sumu. Tupa ikiteleza bila ya kuuma, kimegumika, na wakati huo ni chepesi kuvunjika. Ili kukipunguzia wepesi huo wa kuvunjika, siku hiyo hiyo king'arishe, ukilaze juu ya bonge la chuma lililopashwa moto, na uangalie rangi zinavyotambaa. Kwa kisu simamia kwenye manjano ya majani makavu; kwa tindo ngoja zambarau.

Yote hayo hayatoshi bila ya kumwona mhunzi mzee akiwa kazini. Nenda, toa shikamoo, muombe umzungushie feni, na cheti chako kiache nyumbani. Usiutazame sana mkono wa nyundo; utazame ule wa koleo, jinsi unavyokigeuza na kukiinamisha chuma kabla ya kila pigo, kwani nusu ya kazi hufanyika huko.

Kitu kilichomalizika kisilale hivi hivi, maana upepo wa bahari una chumvi na kutu haichelewi. Kingali na joto la kutosha kutoa moshi mwembamba, kisugue kwa nta ya nyuki, au kwa mafuta ya nazi ikiwa kitagusa chakula, na urudie mara utakapoona weusi wake unafifia.