Somo: Kuandaa mashambulizi 15 ya kwanza kwenye futiboli ya Kimarekani

Kocha anayeanza huwa anatafuta shambulizi (mpango mmoja wa kucheza, tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama) la kufunga mara moja. Msimamo wangu ni kwamba mashambulizi ya mwanzo ni ya kuwapeleleza mabeki. Pointi zikija, heri. Bill Walsh, kocha aliyeipa San Francisco 49ers ubingwa wa Super Bowl (fainali ya NFL, ligi kuu ya Marekani) mara tatu, alikuwa akiandika mashambulizi yake ya kwanza kabla ya mechi, na orodha ikafikia 25. Alijua kocha hufikiri vizuri akiwa ametulia kuliko akiwa katikati ya kelele za uwanja.

Hatua ya 1. Tazama mechi za mpinzani. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Andika wanavyojipanga kwa kila jaribio na yadi zilizobaki: la kwanza na 10, la pili na 7, la tatu na 2.

Hatua ya 2. Kila shambulizi libebe swali. Mfano ninaoupenda: kabla mpira haujaanzishwa, mpokeaji mmoja (mdaka pasi) akimbie kwa mlalo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Beki akimfuata mguu kwa mguu, mara nyingi wanakaba mtu kwa mtu. Wakisogea kidogo tu na kupeana ishara, huenda wanalinda maeneo. Msaidizi wako aandike jibu palepale.

Hatua ya 3. Panga mapacha. Shambulizi la 3 mpe mkimbiaji mpira kulia. La 9 jipangeni vilevile, kotabeki (anayeongoza shambulizi na kurusha mpira) ajifanye anampa, kisha arushe nyuma ya mabeki waliokimbilia mbele.

Hatua ya 4. Tenga karatasi nyingine kwa jaribio la tatu na kwa yadi 20 za mwisho kabla ya mstari wa kufungia.

Hatua ya 5. Fanyeni mazoezi kwa saa. Kwenye NFL, baada ya shambulizi la kawaida mna sekunde 40 za kuanzisha linalofuata, na redio ya kwenye kofia ya kotabeki, anayomsikilizia kocha, hukatwa zikibaki 15. Jina la shambulizi liwe fupi.

MASWALI

*Kocha, nikikwama jaribio la tatu na yadi 12, niendelee na orodha?*
Hapana. Chukua karatasi ya jaribio la tatu, kisha rudi kwenye orodha pale ulipoachia.

*Shambulizi la ujanja nilitumie lini?*
Pale mabeki wanapotarajia kitu kimoja tu. Super Bowl ya Februari 2018, Philadelphia Eagles walikuwa kwenye jaribio la nne, yadi moja tu kutoka mstari wa kufungia. Mchezaji wao Trey Burton akamrushia kotabeki Nick Foles, ambaye hakuna aliyemkaba, akafunga. Foles mwenyewe ndiye aliyelipendekeza kwa kocha Doug Pederson, na walikuwa wamelifanyia mazoezi.

*Sisi tunacheza futiboli ya bendera (unamzuia mtu kwa kumvua bendera ya kiunoni, si kumwangusha), watano kwa watano. Inafaa?*
Inafaa sana, ila punguza mashambulizi yawe 8. Anza na lile la mpokeaji kukimbia kwa mlalo. Wachezaji wakiwa wachache, kotabeki anaona haraka nani kamfuata nani.