Somo: Kuonyesha Filamu Kuhusu Ubaguzi wa Rangi Chuoni

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno muhula huu, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano wangu ni filamu ya Raoul Peck, I Am Not Your Negro, inayotokana na kurasa 30 hivi alizoacha mwandishi Mmarekani mweusi James Baldwin kuhusu rafiki zake watatu, wapigania haki za Wamarekani weusi, waliouawa kabla ya kutimiza miaka 40: Medgar Evers (1963), Malcolm X (1965) na Martin Luther King (1968).

1. Omba kwa msambazaji kibali cha kuonyesha hadharani; kumiliki nakala hakutoshi.

2. Jaribu projekta na spika siku moja kabla, katika ukumbi ule ule.

3. Tenga saa tatu, kwani filamu huchukua saa moja na nusu na mjadala nao unahitaji muda.

4. Mjadala. Hapa ndipo nilipoharibu. Taa zilipowashwa, nilimgeukia msichana pekee mwenye asili ya Kihindi na kumwomba atueleze "ninyi mnajisikiaje". Alifunika kalamu aliyokuwa akiandikia tangu mwanzo, akauliza kwa sauti ya chini, "Sisi akina nani?", wala hakusema neno tena. Nilikuwa nimemfanya mgeni mbele ya wenzake, katika jioni niliyoiandaa kupinga jambo hilo hilo. Usimfanye yeyote msemaji wa jamii yake. Sasa kila mmoja, nami nikiwemo, huandika bila jina: ni lini uliambiwa, au ulimwambia mwenzako, kwamba si wa hapa? Karatasi inayoweza kumtambulisha mwandishi usiisome hadharani.

Maswali

— Naomba kiungo cha kuipakua bure.
Soma hatua ya kwanza.

— Ya Marekani yanatuhusu nini sisi Wakenya?
Nashukuru kwa kuuliza. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi vizazi kadhaa bila vitambulisho hadi walipotembea kwenda Nairobi mwaka 2016, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wakenya wenye asili ya Asia walitangazwa kuwa la 44 mwaka 2017. Waulize wanafunzi wako: Mmakonde aliyezaliwa Kwale kabla ya kutambuliwa huko alikuwa mgeni wa nani?

— Mtu akitoa kauli ya kuudhi, nimnyamazishe?
Mwulize kwanza aliisikia wapi. Mara nyingi hutaja nyumbani kwao, na hapo wengine hukumbuka kwao pia. Akiendelea kumtukana mwenzake, mzuie mara moja.

— Kwetu tulipanga viti kwa duara, na waliozoea kukaa nyuma wakazungumza.
Asante, nitaliongeza hilo katika hatua ya pili, kwa kuwa viti hupangwa kabla watu hawajaingia.