Jinsi ya kufukua asili ya maneno ya Kiswahili mtandaoni bila kudanganywa na stori tamu

Wadau, magrupu ya WhatsApp yamejaa stori za asili ya maneno na nyingi ni za kutunga kabisa, inauma kwa kweli maana asili halisi huwa tamu kuliko hiyo ya kutunga, na kuipata siku hizi ni simu na bando tu.

Chukua neno hela. Ingia Wiktionary ya Kiingereza, ile kamusi ya bure ya mtandaoni, ndo yenye maelezo mengi zaidi kuhusu maneno yetu, andika hela halafu shuka mpaka ufike sehemu ya Kiswahili maana ukurasa mmoja unabeba lugha kibao. Utaona imetoka Kijerumani, Heller. Wengi wanaishia hapo, wewe bonyeza hilo Heller uone nalo limetoka wapi: ni sarafu iliyobeba jina la mji wa Hall kusini mwa Ujerumani, siku hizi Schwäbisch Hall, ilikokuwa ikitengenezwa. Sasa jiulize, ilifikaje kwetu na lini? Tafuta picha za sarafu za Afrika Mashariki ya Mjerumani, utakuta mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64, kuanzia 1904 ikawa heller 100, na kuna zile za heller 20 zilizotengenezwa Tabora 1916 vita vikiwa vimepamba moto. Sauti inakubali, njia inakubali, mwaka unakubali, basi hapo sema kwa kujiamini.

Mwaka ndo unaoua stori nyingi za uongo. Mfano gereza, linatoka kwenye Kireno igreja, yaani kanisa, na watu wanalifunga moja kwa moja na Fort Jesus ya Mombasa kwa vile Waingereza waliifanya jela mwaka 1895. Sawa, ila nenda Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, zile kamusi za wamisionari zipo bure unasoma kurasa zenyewe zilivyopigwa picha, fungua ya Krapf ya 1882 herufi G, neno limo, miaka 13 kabla ya Mwingereza kufanya hivyo! Kwa hiyo lazima urudi nyuma zaidi, na ukitafuta utafika Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno na karne ya 19 ikatumika pia kufungia watu. Kanisa, ngome, jela, sehemu moja. Mi hii naipenda mno. Ukimaliza Krapf tafuta na kamusi ya Madan ya 1903 ulinganishe, maana ya neno inavyosogea unaiona kwa macho.

Maneno ya Kiarabu yana mtego wake, herufi. H yetu moja inabeba sauti tatu tofauti za Kiarabu: h ya hali, h ya habari na h ya hewa kule kila moja ina herufi yake, ya habari ni kh kabisa, khabar. Kwa hiyo ukitafuta kwenye kamusi ya Kiarabu kwa kubahatisha herufi utaambulia neno lingine na utajenga ghorofa juu ya mchanga. Anzia kwenye ukurasa wa neno la Kiswahili, nakili maandishi ya Kiarabu yaliyopo pale, ndo uende nayo. Halafu angalia mzizi, hizo konsonanti tatu, kwenye k-t-b utamkuta kitabu, katibu na maktaba wote wamekaa nyumba moja, na utashangaa jinsi sisi tulivyolichukua lile ki la kitab tukalifanya ngeli yetu tukapata vitabu.

Kama unahisi neno ni la Kibantu, lipime kwa jirani. Tatu, Kinyarwanda gatatu, Kizulu kuthathu, Kilingala misato, hamna ubishi. Sita inakwama, wenzetu Rwanda wanasema gatandatu, maana sita ni ya Kiarabu na sisi tulikuwa na mtandatu, kama tulivyokuwa na mfungate kabla ya saba (ile fungate ya maharusi ni siku saba, ndo mabaki yake) na kenda kabla ya tisa. Wanaotaka kuchimba zaidi kuna BLR, hifadhi ya mizizi ya Kibantu ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ni kavu kidogo kuisoma ila haina mpinzani.

Nyingine ni WOLD, hifadhi ya mtandaoni ya maneno ya mkopo, ya 2009, lugha 41 na Kiswahili kimo, sehemu yetu kaiandaa Thilo Schadeberg. Uzuri wake inakupa kiwango cha uhakika kwamba neno limeazimwa au la, haikulazimishi ndio au hapana.

Ila msiamini kufanana kwa sauti peke yake jamani, bad ya Kiingereza na bad ya Kiajemi zina maana ileile, mbaya, na hazina undugu wowote.

Na ukikuta neno Wiktionary halina asili na wewe ushapata ushahidi, bonyeza hariri uiweke pamoja na kamusi na ukurasa ulikoitoa, hasa maneno ya Kipemba, Kimvita na Kiamu, huko bado kuna mapengo mengi sana.