Kuhama bash kwenda zsh bila kujifungia nje

Ndugu zangu, hapa Nyakato, Mwanza, umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazima papo hapo, na kumbukumbu ya amri ulizoandika tangu asubuhi inapotea yote. Hilo ndilo lililonisukuma nijifunze sheli kwa makini. Siyo sheli ya mafuta. Ni ile programu inayopokea amri zako na kuzifikisha kwenye mfumo. Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, inakuja na bash, iliyoandikwa na Brian Fox mwaka 1989. Mimi natumia sheli nyingine, zsh.

Hatua ya 1. Jua ulipo. `echo $SHELL` inataja sheli uliyopangiwa ukiingia, wala si lazima iwe unayoitumia sasa. Ya sasa utaiona kwa `ps -p $$`.

Hatua ya 2. `sudo apt install zsh`, kisha `cat /etc/shells`. Hakikisha `/usr/bin/zsh` imo kwenye orodha.

Hatua ya 3. `chsh -s /usr/bin/zsh`. Usitangulize sudo (amri ya kuazima mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo), maana utambadilishia root badala yako. Toka, ingia tena. Zsh ikikuuliza maswali, bonyeza 0.

Kwenye seva ya mbali, nawaomba sana: dirisha la kwanza liacheni wazi, fungueni la pili, mjaribu kuingia. Niliwahi kuhariri `/etc/passwd`, faili linalotaja sheli ya kila mtumiaji, kwa mkono, nikakosea herufi moja ya njia ya sheli, nikatoka. Seva haikunipokea tena, na kazi ya mteja ililala siku mbili.

Hatua ya 4. Ndani ya `~/.zshrc`, faili la mipangilio ya zsh, andika:

```
HISTFILE=~/.zsh_history
HISTSIZE=5000
SAVEHIST=5000
setopt INC_APPEND_HISTORY
setopt CORRECT
```

Mstari wa nne ndio dawa ya umeme: kila amri inaandikwa kwenye faili palepale, haisubiri utoke. Wa tano unakuuliza ukikosea jina la amri.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Skripti zangu za bash zitaendelea kufanya kazi?*
Marahaba. Zitafanya. Skripti hufuata mstari wake wa kwanza, ukiwa `#!/bin/bash`, ni bash itakayoisoma. Ila vifupisho vyako vya `~/.bashrc` havihami vyenyewe, vinakili kwenye `~/.zshrc`.

*Kaka, mimi niko Igoma, umeme ni huohuo, ila bash sitaki kuiacha.*
Baki nayo, ni sheli nzuri. Ongeza `PROMPT_COMMAND='history -a'` kwenye `~/.bashrc`, nayo itahifadhi kila amri.

*Nimehama, sijaipenda. Narudije?*
`chsh -s /bin/bash`, kisha toka uingie tena.

*Na root nimbadilishie?*
Hapana dada, mwache na sheli aliyokuja nayo. Siku zsh yako ikigoma, `sudo` au root ndio mlango utakaokurudisha ndani.